Msimu wa kwanza wa bwana shamba

Kijana amemaliza stashahada ya kilimo Ilonga au Uyole. Amekaa nyumbani miaka kadhaa akishika hiki na kile, hatimaye jina lake limetoka kwenye orodha ya Sekretarieti ya Ajira. Anaripoti halmashauri aliyopangiwa, anajaza fomu, anaambiwa posho ya kujikimu itaingia, anakabidhiwa barua ya kituo na kuelekezwa stendi. Jioni hiyo yuko kwenye kata ambayo jina lake amelisikia asubuhi, mbele ya mtendaji wa kata ambaye hakujulishwa kwamba kuna mgeni. Kesho yake yeye ndiye bwana shamba. Wakulima wa vijiji vitatu au vinne watamwita mtaalamu, na hakuna hata mmoja aliyemwonyesha njia ya kufika kwenye mashamba yao.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Aliyenitangulia alikuwa amehama, hakuacha daftari wala orodha ya vikundi. Wiki ya pili niliitisha mkutano wa kuanzisha shamba darasa, yaani shamba ambamo wakulima hujifunza pamoja kwa vitendo, Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikuja wazee wawili na mama mmoja. Nikaitisha tena Alhamisi iliyofuata, hali ikawa ile ile. Kwenye taarifa ya mwezi nikaandika kwamba mwitikio wa wakulima wa kata hii ni mdogo. Baadaye ndipo nikajua kwamba Alhamisi ni siku ya gulio katika kijiji cha jirani, na mtu mwenye debe la maharage la kuuza hawezi kuliacha aje kunisikiliza mimi. Taarifa ilikuwa imeshafika wilayani. Watu wale wakabandikwa sifa mbaya kwa jambo ambalo yeyote angeniambia kwa sentensi moja, kama angekuwepo wa kuniambia.

Ndiyo maana natetea wazo hili: kila afisa ugani mpya (ndilo jina la kiofisi la bwana shamba) awe na mlezi, yaani afisa mzoefu wa kata jirani, kwa msimu mzima wa kwanza, na ulezi huo uhesabiwe kuwa kazi, si hisani. Nimelijadili na maafisa kilimo wa wilaya na wenzangu wa zamani. Wengi wanalipinga, na hoja zao si za kupuuza.

Hoja yao ya kwanza ni uhaba. Takwimu ambazo Wizara ya Kilimo ya Tanzania imekuwa ikizitaja zinaonyesha mahitaji ya maafisa ugani zaidi ya 20,000, ilhali waliokuwepo mwanzoni mwa muongo huu hawakuzidi sana 6,700, kwa nchi yenye vijiji zaidi ya 12,000. Kuna kata zimekaa miaka bila mtu. Ukimpeleka diwani wa kata kama hiyo habari kwamba bwana shamba wake amepatikana lakini kwanza atashinda kata ya pili akijifunza, atakuuliza kama unamtania. Na afisa kilimo wa wilaya mwenye watu 20 kwa kata 30 atakwambia kwamba kumtoa mzoefu mmoja siku mbili kwa wiki akamlee mgeni ni kuziacha kata mbili zikilegea badala ya moja.

Naielewa hesabu hiyo, lakini inanipa jibu jingine. Pale ambapo mkulima ana maafisa watatu wa kuuliza, kosa la mmoja linasahihishwa na mwenzake. Pale ambapo yuko mmoja tu kwa kata nzima, kosa lake linapandwa kwenye mashamba yote na halionekani mpaka mavuno. Fikiria kijana aliyesomeshwa kilimo cha tambarare, mahindi kwa nafasi za sentimita 75 kwa 30, anapelekwa Mbinga, mkoani Ruvuma. Huko atakuta Wamatengo wakilima ngoro kwenye miteremko mikali: majani yanafyekwa na kulazwa kama wavu, udongo unachimbwa katikati na kufukiwa juu yake, yanabaki mashimo yanayonasa maji ya mvua na kingo zinazopandwa maharage na baadaye mahindi. Ni maarifa yaliyohifadhi udongo wa milima ile kabla ya chuo chochote cha kilimo nchini. Mgeni asiyeelezwa atayaona mashimo hayo kuwa ni uzembe wa kutonyoosha mistari.

Na tuna kumbukumbu ya mtaalamu anayefika akiwa na jibu kabla ya swali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Katika milima hiyo hiyo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wa juu ulipofukiwa mazao yakadhoofika. Mwaka 1955 watu wakagoma na kufanya ghasia, na mpango ukaachwa. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Waliopelekwa kuisimamia hawakupewa nafasi ya kujifunza kwa wenye milima. Mpaka leo ziko sehemu ambako neno bwana shamba linawakumbusha wazee faini na amri, na kijana wa leo anarithi hilo bila kuambiwa.

Anayesema kwamba ulezi ni jambo geni kwetu amesahau miaka ya mwisho ya 1980 na miaka ya 1990, tulipofuata mfumo wa mafunzo na ziara uliosukumwa na Benki ya Dunia. Ratiba ilijulikana: afisa wa kijiji alikuwa na siku maalumu za kutembelea wakulima wa mawasiliano, yaani wale waliochaguliwa kuwafikishia wenzao ujumbe, na siku maalumu za kukutana na wataalamu wa mazao, tena mara kwa mara. Wapinzani wangu wanautaja mfumo huo kama ushahidi dhidi yangu, na kwa sehemu wako sahihi. Ulikuwa ghali, ulitegemea mkopo, mkopo ulipokwisha magari yakasimama. Ujumbe ulitoka juu kwenda chini, wiki hii nafasi za kupandia, wiki ile palizi, hata kama mkulima alikuwa akiulizia bei ya mbolea. Lakini waliofanya kazi enzi hizo wana kitu kimoja cha kukumbuka ambacho sisi hatukukipata: hakuna aliyekaa na swali lake peke yake zaidi ya wiki chache. Kosa lilikuwa kuifanya siku ya kukutana iwe ya kupokea maagizo. Tungeweza kuibakiza siku na kuyatupa maagizo.

Kilichofuata kiliongeza ugumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugani ulihamishiwa serikali za mitaa. Ilikuwa na mantiki, kwa sababu afisa anapaswa kuwajibika kwa watu anaowahudumia. Lakini vyuo vya kilimo na watafiti wakabaki upande wa wizara, na mwajiri wa bwana shamba akawa mkurugenzi wa halmashauri, mwenye walimu na waganga wa kuwafikiria kabla yake. Mwenye maarifa hana mtu, mwenye mtu hana maarifa. Wakenya wamekutana na jambo linalofanana tangu ugatuzi wa 2013 ulipoupeleka ugani kwenye kaunti. Ukiuliza nani ana jukumu la kumkuza afisa mpya kitaaluma, kila ofisi inaonyesha mlango wa mwenzake.

Hoja ya pili ni kwamba ukimlea, atakuacha. Kampuni za mbegu na viuatilifu zinamtafuta kijana aliyeiva, anayejua vikundi na anayeaminika vijijini, na mashirika yana mishahara ambayo halmashauri haiwezi kuifikia. Kwa nini tuwasomeshee wengine wafanyakazi? Hili linauma, nami nimeona wenzangu wazuri wakiondoka. Ila tazama wanavyofanya hao wanaotuchukulia watu. One Acre Fund, shirika la kuwahudumia wakulima wadogo lililoanzia Bungoma, Kenya, mwaka 2006, lilijengwa juu ya maafisa wa mashinani wanaotoka maeneo yale yale wanayoyahudumia na kufundishwa mfululizo kadiri msimu unavyokwenda. Kazi yao ni finyu kuliko ya bwana shamba wa serikali, maana wana mazao machache na mikopo ya pembejeo ya kusimamia, kwa hiyo si haki kulinganisha moja kwa moja. Hata hivyo hawakuona kumfundisha mtu kuwa hasara. Na kwa niliyoyaona, mtu haondoki kwa sababu amelelewa. Huondoka zaidi yule ambaye mwaka mzima hakuna mkubwa wake aliyefika kuona shamba darasa lake.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua kuliko zote: ni nani hasa atakayelea? Afisa wa miaka 20 kazini anaweza kumfundisha kijana kuandika taarifa za mashamba ambayo hajayakanyaga, kupendelea wakulima wenye uwezo kwa sababu wao ndio wanaompikia mgeni chai, na kutoa dawa moja kwa kila ugonjwa. Ulezi unarithisha maradhi pamoja na busara.

Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 hili lilionekana wazi. Maafisa wakongwe walikuwa wakiwajua viwavijeshi wa kawaida: wanakuja kwa kundi, wanatabiriwa kwa mitego ya nondo, wanakula majani kwa siku chache na kutoweka. Wengine wakasubiri kundi. Kumbe huyu mgeni anajificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea wa mahindi, anakula humo akiwa amefunikwa na kinyesi chake, na dawa inayopigwa saa sita mchana juu ya majani haimfikii. Vijana waliokuwa na simu na picha walimtambua mapema, lakini hawakuwa na sauti mbele ya wakubwa wao. Nikawaza upya. Ulezi ninaoutetea hauwezi kuwa wa mkubwa kumjaza mdogo. Mkongwe anajua watu, majira, mipaka ya ardhi, nani hazungumzi na nani. Kijana anajua yaliyobadilika tangu mkongwe atoke chuo. Wakitembea pamoja kwenye shamba moja, kila mmoja anamkagua mwenzake, na hilo ni bora kuliko semina ya siku tatu mjini ambako kinachokumbukwa zaidi ni posho.

Kuna jambo ambalo kwenye mijadala hii hupitwa haraka, nami sitalipita. Miongoni mwa waajiriwa wapya wamo wasichana. Bibi shamba wa miaka 24 anapangiwa kata isiyo na nyumba ya mtumishi, anapanga chumba kisichofungika vizuri, na mlezi wake anaweza kuwa mwanamume mwenye kalamu inayoweza kumthibitisha au kumkwamisha kazini. Ukianzisha ulezi bila kulifikiria hili, umemfungulia mlango mtu mwenye nia mbaya na kumpa cheo. Kwa hiyo mlezi asiwe ndiye anayesaini fomu ya kuthibitishwa, na mgeni awe na haki ya kuomba mlezi mwingine bila kutoa maelezo. Pale inapowezekana, apewe mwanamke mwenzake. Hata nyumba ni sehemu ya mapokezi. Mtendaji anayemtafutia mgeni chumba salama kwa mama anayeheshimika kijijini amefanya kazi kubwa kuliko hotuba ya kumkaribisha.

Gharama? Mafunzo elekezi kwa watumishi wapya yapo kwa mujibu wa taratibu za utumishi, na yanafaa: mtu ajue maadili, likizo, mafao, namna ya kuandika barua. Hayamfundishi kutambua kama mahindi yamegeuka njano kwa kukosa naitrojeni au kwa maji kutuama. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na Rais Samia mwenyewe alizikabidhi Dodoma. Bajeti ya wizara ikapanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954 katika mwaka wa fedha 2022/23. Pikipiki zilikuwa zikihitajika mno, mimi niliyetembea kwa miguu siwezi kusema vinginevyo. Lakini chombo kinamfikisha mtu shambani, hakimwambii aseme nini akifika. Mafuta ya safari mbili kwa wiki kwenda kata jirani ni pesa ndogo katika bajeti hiyo, na mlezi anaweza kupimwa kwa kazi hiyo ndani ya mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji ambao watumishi wanaujaza sasa hivi.

Kuna kata ambazo hata majirani zake wote ni wapya. Hapo ningewageukia wakulima wawezeshaji wa mashamba darasa, yaani wakulima wanaowaongoza wenzao katika mafunzo hayo. Wengi wamepitia misimu na miradi mingi, wanajua kipi kilifanya kazi na kipi kiliachwa siku mradi ulipofunga. Mkulima kama huyo akitambulishwa rasmi kuwa mwenyeji wa afisa mpya, kwa barua na mbele ya mkutano wa kijiji, hali ya mambo inabadilika kwa wote wawili: afisa anaanza akiwa mwanafunzi bila kuvunjiwa heshima, na kijiji kinaona kwamba safari hii kimeulizwa.

Kipindi cha majaribio serikalini ni miezi 12, muda unaotosha kuzunguka kalenda nzima ya shamba, kuanzia kuandaa ardhi hadi kuuza. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, hilo linataka barua za vituo zitoke kabla ya Oktoba. Anayeripoti Februari anakuta mahindi yako kiunoni. Upandaji wa kwanza atauona mwishoni mwa mwaka, na akichelewa kidogo kufika shambani, fomu yake ya kuthibitishwa itakuwa imeshasainiwa.