Mashua "imeboreshwa"? Basi nipunguzie bei

Ukishuka kutoka Mbeya kwenda Kyela au Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kutafuta mashua ya tanga ya mkononi, muuzaji atakusomea orodha ya nyongeza: imefungwa mashine nyuma, imewekwa paa la kivuli kwa ajili ya wageni, imevalishwa faiba, yaani ganda la nyuzi za kioo na gundi. Kila nyongeza inapandisha bei. Mimi nahesabu kinyume. Alichokata au kuongeza mtu nisiyemjua kinashusha bei, mpaka nione kazi yenyewe na fundi wake apatikane, hata kwa simu.

Faiba ndiyo inayonitia shaka kuliko vyote. Juu ya mbao kavu na nzima, sawa. Ila wengine huivalisha mashua kuukuu ili kuficha mvujo, unyevu unafungiwa ndani na mbao zinaoza huku nje pakimeremeta. Anzia mkukuni, ule ubao mrefu wa chini kabisa, gonga kwa mpini wa kisu ukipanda taratibu. Mbao nzima hutoa mlio mkavu. Ukisikia mlio butu kama umegonga mgomba, weka alama ya chaki. Kisha ingia ndani, inua sakafu, choma mataruma, yaani mbavu za mashua, kwa bisibisi pale kwenye ngama maji yanapotuama. Kama sakafu imepigiliwa yote na mwenyewe hataki ibanduliwe, mimi naaga.

Watu husema maji ya ziwa hayali chombo kama bahari. Kwa misumari, kweli. Kwa mbao, hapana: chumvi huzuia kuvu wa kuozesha, maji ya mvua huwakaribisha, na mvua za Kyela mnazijua. Mashua iliyoletwa kwa lori kutoka pwani nayo ikaguliwe matundu ya minyoo ya baharini. Minyoo hufa ziwani, matundu hubaki.

Nyuma palipokatwa ili kufunga mashine, tazama ubao mpya unavyoungana na wa zamani. Rangi iliyopasuka kwenye kiungo inaonyesha panacheza. Uliza pia kama mlingoti ulisogezwa kupisha paa.

Kama kusogezwa huko kumeharibu uwiano wa tanga na chombo, utajua majini tu. Muuzaji atakuita asubuhi, ziwa likiwa shwari. Nenda mchana, na kama unaweza subiri Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na mawimbi kuja kupasukia Matema, chini ya milima ya Livingstone. Zimeni mashine, pandisheni tanga, achia usukani kidogo. Ikigeuka kwa nguvu, tanga na chombo havipatani tena. Kuvuja kidogo baada ya kukaa muda mrefu nchi kavu kusikutishe. Mbao zikivimba hujifunga.

Na mkiafikiana, vipimo kwenye hati zake vilingane na chombo kilivyo leo. Kama kiliongezwa futi kadhaa na hati bado ni za zamani, muuzaji akamalizane kwanza na TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini, kabla hujatoa hela.