Tuzo kwa Mwandishi Aliyebaki Mwanza

Tuliotoka Mwanza tukaja kuishi Marekani tuna mazoea ya kulinganisha barabara, hospitali, mishahara na bei ya nyama. Ni mambo ya msingi na siyadharau. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kuishi Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, naona kuna ulinganisho mwingine ambao hatuugusi katika vikao vyetu vya ughaibuni, nao ni wa heshima anayopewa mwandishi wa gazeti anayeandika habari za mji wake mwenyewe, na manufaa ambayo heshima hiyo inamletea yeye na wasomaji wake.

Kila mwaka Chama cha Magazeti cha Iowa huendesha mashindano ya magazeti ya jimbo zima. Magazeti hupangwa katika madaraja kulingana na wingi wa nakala zake, hivyo gazeti la kila wiki la mji wenye watu elfu mbili halishindanishwi na gazeti kubwa la kila siku la makao makuu. Vipengele vinavyoshindaniwa vinatokana na kazi halisi ya gazeti la mji: habari za mahakama na uhalifu, habari za serikali za mitaa, elimu, kilimo, picha, tahariri. Lililonivutia zaidi ni kwamba waamuzi hawatoki Iowa. Vyama vya magazeti vya majimbo mbalimbali hubadilishana kazi hiyo, chama cha jimbo moja kikipima kazi za jimbo jingine, kwa hiyo anayetoa alama hana undugu, deni wala ugomvi na anayepewa alama.

Ili kuelewa ni kazi ya namna gani inayotuzwa, inafaa kufungua kurasa za ndani za gazeti mojawapo kati ya haya madogo. Sheria ya Iowa inazitaka halmashauri za miji na za kaunti zichapishe gazetini muhtasari wa vikao vyao pamoja na orodha ya malipo zilizoyaidhinisha. Msomaji anaona jina la aliyelipwa, kazi aliyoifanya na kiasi alichopokea: kokoto za barabara, chumvi ya kuyeyushia barafu, matengenezo ya greda, ada ya wakili. Maandishi ni madogo na hayavutii macho, lakini habari nyingi za mahali hapo huanzia kwenye safu hizo. Mwandishi huzisoma, akaona kwamba fundi mmoja amelipwa mara mbili, akapiga simu kuuliza kulikoni.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu katika jimbo hili ni wa Storm Lake, mji mdogo ulio kando ya ziwa, jambo ambalo kwa mtu wa Mwanza lina uzito wake. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki wilaya za mifereji za kaunti tatu, yaani vyombo vinavyosimamia mifereji ya kutoa maji mashambani, ikidai kwamba nitreti, kemikali za mbolea, kutoka mashambani zinaingia katika Mto Raccoon, ambao ni mmoja wa mito tunayokunywa maji yake. Buena Vista, kaunti ambayo Storm Lake ni makao yake, ilikuwa miongoni mwa zilizoshtakiwa. Gharama za utetezi zilikuwa zikilipwa kwa fedha za makundi ya wafanyabiashara wa kilimo ambayo majina yake yalifichwa. Gazeti la Storm Lake Times, lililotoka mara mbili kwa wiki na kuuza nakala zipatazo 3,000, likashikilia swali moja kwa muda mrefu: nani analipa, na kwa nini wananchi wasiambiwe? Mhariri wake, Art Cullen, aliandika tahariri baada ya tahariri katika mji ambao karibu kila mtu anaishi kwa kilimo au kwa nyama inayotokana na kilimo. Aprili 2017 alipewa Tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya waandishi wa habari wa Marekani, katika kipengele cha uandishi wa tahariri, wiki chache tu baada ya mahakama kuitupa kesi yenyewe. Kwa maneno mengine, mamlaka ya maji ilishindwa mahakamani, lakini kazi ya gazeti ikatambuliwa kwa sababu wananchi walikuwa wameshajua walichostahili kujua.

Sisemi kwamba huku kila kitu ni shwari. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na mengi kati ya yaliyokufa ni ya kila wiki, ya miji ya aina hiyohiyo ninayoieleza. Hata Storm Lake Times lenyewe liliungana na gazeti jirani mwaka 2022. Tuzo haikulipi karatasi wala wino. Pamoja na hayo, ilimwambia mwandishi wa mji mdogo kwamba kazi yake inapimwa kwa kipimo kilekile cha New York, na kwamba hana haja ya kuhama ili aonekane.

Nyumbani tuna tuzo, na nisingependa mtu adhani nazibeza. Baraza la Habari Tanzania na washirika wake wameendesha Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari, maarufu kama EJAT, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na waandishi kutoka mikoani wameshinda. Zipo pia Tuzo za Samia Kalamu, zilizotolewa mwaka 2025. Hoja yangu ni kwamba mpango wa tuzo hizi ni wa kitaifa na umegawanywa kwa mada, kama vile afya, mazingira, jinsia na uchumi, hivyo mwandishi wa Sengerema anashindana moja kwa moja na chumba cha habari cha Dar es Salaam chenye gari, dereva, mpiga picha na mhariri aliyekaa meza ya pili. Tena mgawanyo wa mada humsukuma mwandishi atafute makala moja nzuri ya kupeleka kwa waamuzi, ilhali kazi ngumu zaidi mkoani ni kurudi kwenye jambo lilelile mara ya tano na ya sita, wakati mhariri ameshalichoka na mkurugenzi wa halmashauri hapokei tena simu.

Nayasema haya nikimfikiria rafiki yangu mmoja wa Igogo, ambaye kwa miaka mingi aliandikia gazeti moja la Dar es Salaam akiwa mwandishi wa kujitegemea. Alilipwa kwa stori iliyochapishwa, si kwa stori aliyoifanyia kazi, na malipo yenyewe yangeweza kukaa miezi bila kufika. Simu ilikuwa yake, vocha ilikuwa yake, kompyuta alikuwa akiazima. Alipotaka kwenda kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kufuatilia habari, ilimbidi apande meli hadi Nansio, achukue usafiri wa barabara hadi Bugolora, kisha avuke kwa kivuko, alale huko, na kurudi kwa njia ileile. Gharama ya safari moja ya namna hiyo ilizidi malipo ya stori kadhaa. Kwa hiyo yeye, kama wenzake wengi, alikwenda zaidi kule alikopelekwa: kwenye semina, warsha na ziara za viongozi, ambako nauli ya mwandishi hulipwa na yule anayeandikwa. Mwishowe aliajiriwa kuwa afisa habari katika halmashauri. Alikuwa na haki ya kutafuta mshahara wa uhakika ili asomeshe watoto, na mimi nisingemshauri vinginevyo. Lakini mtu aliyezijua njia za halmashauri kuliko waandishi wote wa rika lake sasa anaandika taarifa za kuisifu.

Hasara ya jambo hili si ya waandishi peke yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Siku zile kila chombo cha habari kilikuwa Ukerewe. Kabla ya siku zile, hali ya kivuko ilikuwa imelalamikiwa na wananchi na kufikishwa hadi bungeni, ila sikumbuki gazeti lililoweka mtu wa kukaa Bugolora siku za gulio akahesabu abiria wanaopanda, akalinganisha na uwezo wa kivuko, akachapisha hesabu hiyo wiki baada ya wiki. Na sisi ndio watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani, tuliowazika ndugu zetu Igoma mwaka 1996. Kama kuna kanda nchini inayostahili kuwa na mwandishi ambaye kazi yake ni vivuko na meli tu, ni Kanda ya Ziwa. Hesabu ya abiria gatini haiwezi kushinda katika kipengele cha makala bora ya afya au ya uchumi, kwa kuwa haina mwanzo wenye kusisimua wala picha ya kulilia. Katika tuzo ya kanda, inayopima ufuatiliaji, ingekuwa ya kwanza.

Hata pale kazi kuhusu kanda yetu ilipotukuzwa, mara nyingi ilitukuzwa mbali. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC aliingia kwa siri kwa waganga wa Kanda ya Ziwa kuchunguza mauaji ya watu wenye ualbino, akatishiwa maisha na kulazimika kujificha, na mwaka 2010 taasisi ya kimataifa ya wanawake katika vyombo vya habari ikampa tuzo ya ujasiri. Alistahili kabisa. Katika miaka hiyohiyo walikuwapo waandishi wa Magu, Misungwi na Geita waliotuma taarifa fupi za kila tukio, wakafika kwenye nyumba za wafiwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakaendelea kuishi katika wilaya zilezile na watu waliowaandika. Ujasiri wa namna hiyo nao unastahili jukwaa, na jukwaa hilo linafaa lisimamishwe hapohapo ukumbini Mwanza, mbele ya watu wanaoufahamu mto, kijiji na mkuu wa wilaya anayetajwa.

Msingi tunao. Nyegezi kumekuwa na mafunzo ya uandishi wa habari tangu enzi za chuo kilichokuja kuwa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Klabu ya waandishi ya Mwanza ipo. Muungano wa klabu za waandishi nchini, UTPC, ulikuwa na makao yake makuu Mwanza kabla ya kuhamia Dodoma, na ndio ulioanzisha tuzo yenye jina la Daudi Mwangosi, mwandishi aliyeuawa akiwa kazini Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Tuzo hiyo ni ya mwandishi wa mkoani kwa asili yake, na ni ushahidi kwamba klabu zinaweza kusimamia jambo la heshima bila kusubiri Dar es Salaam.

Basi ninachopendekeza kwa klabu za Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga ni tuzo ya kanda ambayo kazi zake zitapimwa na waandishi wa mbali, tuseme wa Mbeya au wa Kisumu, nasi tupime za kwao. Mshindani asilete stori moja. Alete mfululizo wa stori za jambo moja kwa mwaka mzima. Kipengele cha kwanza kiwe cha halmashauri, kwa sababu kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa hoja kuhusu halmashauri zetu, nayo husomwa kwa wiki moja kisha ikasahauliwa. Atuzwe aliyekwenda kuiangalia zahanati iliyotajwa humo na kurudi tena baada ya miezi sita. Kipengele cha pili kiwe cha ziwa lenyewe: vivuko, nyavu haramu, bei ya sangara na dagaa katika soko la Mwaloni, na maji machafu ambayo Mto Mirongo unayapitisha katikati ya jiji hadi ziwa hilohilo tunalovuta maji ya kunywa pale Capri Point. Fedha ya ushindi isitolewe kama bahasha ya siku ya sherehe, bali iwe bajeti ya nauli, malazi na muda wa maongezi kwa kazi inayofuata ya mshindi, ikisimamiwa na klabu na kutolewa hesabu hadharani.

Sisi tulio nje tuna vikundi vya kuchangiana misiba, harusi na ujenzi wa madarasa, na tunajua kukusanya fedha bila kugombana. Mchango wa watu hamsini wa Mwanza waliopo Iowa, Minnesota, Texas na Uingereza, kila mmoja akitoa kiasi anachotumia kwa chakula cha jioni hotelini, unatosha kumpeleka mwandishi Ukara na kumrudisha, akalala huko wiki nzima siku za gulio, mara kadhaa kwa mwaka. Klabu ikikubali kuandaa kanuni na kutaja akaunti, mimi nitakuwa wa kwanza kutuma, na nitawapigia simu wenzangu wa hapa Des Moines mmoja mmoja.