Mzizi sio mrija jamani

Kuna kauli kila mtu aliyewahi kulima hata kidogo ameshaisikia: mmea ukigeuka njano ongeza mbolea, mizizi itanyonya tu. Kama vile mzizi ni mrija umechomekwa kwenye chupa ya soda. Halafu kuna wengine wanasema hapana, mzizi unachagua, unalipia na saa nyingine unakataa kabisa, na hawa ndo wanaambiwa wanaleta mambo ya darasani wakati wenzao wako shambani.

Tuwe wakweli, watu wa mrija hawajakosea kila kitu. Naitreti, yaani nitrojeni ya mbolea katika umbo ambalo mizizi mingi inaichukua, ina chaji hasi, chembe za udongo wa mfinyanzi nazo nyingi zina chaji hasi, hazishikani, kwa hiyo naitreti inatembea na maji tu. Majani yakitoa mvuke juu, maji yanavutwa kuja kwenye mzizi na naitreti inaletwa humohumo, tofauti na fosforasi ambayo ikishashikwa na udongo imeshikwa. Tena naitreti ikiwa nyingi kwenye maji ya udongo, kuanzia kama milimoli 1 kwa lita kwenda juu, mzizi una mfumo wake wa pili ambao kadiri unavyoongeza ndo nao unavyozidi kuingiza. Kwa hiyo aliyemwaga mbolea akaona shamba limekuwa kijani hakuota ndoto.

Ila kufika mlangoni sio kuingia ndani. Seli ya mzizi kwa ndani ni hasi, mara nyingi zaidi ya milivolti 100 hasi, na naitreti nayo ni hasi, yaani zinasukumana, na juu ya hapo mara nyingi humo ndani naitreti imeshajaa kuliko nje. Haiwezi kujiingilia tu. Kinachofanyika ni seli kuchoma ATP, ile molekuli inayobeba nguvu ya seli, kusukuma protoni (chembe zenye chaji chanya) nje, alafu protoni zikitaka kurudi zinaivuta naitreti, kama protoni 2 kwa kila naitreti 1. Piga hesabu, ATP 2 zimeenda na bado haijawa chakula, maana kuigeuza kuwa amoniamu, umbo la nitrojeni ambalo mmea unaweza kulijengea protini, kunakula elektroni 8 zingine. Na kinachoniuma mimi ni kwamba sehemu ya ile iliyokwisha ingia inavuja tena kurudi kwenye udongo, imelipiwa nauli alafu inashuka kituo kilekile ilichopandia.

Sasa ATP inatoka wapi? Kwenye upumuaji wa mzizi, na upumuaji unataka oksijeni. Hapa ndo stori ya mrija inapoleta hasara. Mvua imepiga siku nne, maji yametuama, udongo hauna hewa, mzizi hauna nguvu ya kusukuma protoni, mmea unakuwa njano huku umesimama ndani ya naitreti. Mtu anaona njano anakimbilia mfuko. Kumbe kwenye udongo huohuo kuna bakteria ambao wakikosa oksijeni wanatumia naitreti badala yake, wanaipeperusha kuwa gesi, nyingine ikiwa ni naitrasi oksaidi ambayo inapasha joto dunia zaidi ya mara 250 ukilinganisha na kaboni dioksaidi kwa uzito uleule. Umelisha bakteria, mmea umebaki na njaa yake. Na ile nyingine ambayo hawakuila ikishuka na maji chini ya mizizi ndo basi tena. Kwa dunia nzima, nitrojeni inayowekwa mashambani ni karibu nusu tu inayoishia kwenye mavuno, na lawama zote tunampa mmea!

Na hilo la kuchagua sio maneno ya darasani. Mwaka 1993 watafiti walipata jeni ya mlango mmoja wa naitreti kwenye kammea kanaitwa Arabidopsis, waliipata kwa kuangalia mimea ambayo haifi ikipewa kloreti, sumu inayoingia kwa mlango wa naitreti. Protini yake, NRT1.1, inafanya kazi mbili: naitreti ikiwa haba inabandikwa fosfeti (kikundi kidogo chenye fosforasi) sehemu moja tu na inaanza kukamata hata kidogo kilichopo, ikiwa nyingi fosfeti inatoka inarudi mwendo wa kawaida. Na ndo hiyohiyo inayousikilizia mmea kuna kiasi gani nje. Mmea ukishashiba, amino asidi ndani zinatuma ujumbe ule mfumo wa kukamata kidogokidogo upunguzwe. Sasa hapo ukiongeza mfuko wa tatu unamlazimisha nani?

Najua mtu ataniuliza, mbona mpunga unakaa majini na hauwi njano. Mpunga una njia za hewa ndani kwa ndani kutoka kwenye majani mpaka kwenye mizizi, na kwenye maji yaliyotuama unategemea zaidi amoniamu, ambayo ina chaji chanya, haisukumwi na ule uhasi wa ndani ya seli. Mahindi hayana mpango huo kwa kiwango hicho.