Tusiyahukumu mazoezi kwa mizani

"Shoga, miezi mitatu naamka saa kumi na moja alfajiri, na mizani imenipunguzia kilo moja tu. Kilo moja! Mimi basi."

Aliyeniambia hayo ni mwenzangu tuliyekuwa tukikimbia naye kila Jumamosi na Jumapili, kutoka Raskazone kuingia mjini na kurudi, kilomita tano hivi. Alianza na kilo 78, akafika 77, akavua raba na hajazivaa tena. Hakuwa wa kwanza. Vikundi vya jogingi hapa Tanga huanza na umati wenye fulana mpya na nyimbo za mchakamchaka, na ukifika mwezi wa nne utawahesabu waliobaki bila kusumbuka.

Kila anapoondoka mtu namna hiyo, wale wanaosema unene ni sahani hupata shahidi mwingine. Mazoezi ni kujichosha, wanasema. Funga mdomo utapungua. Kuhusu kupungua, wana haki zaidi kuliko sisi wakimbiaji tunavyopenda kukiri.

Chukua hesabu ya mwenzangu. Mtu anayekimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Kwa kilo 78 na kilomita 5, hizo ni kalori 390. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, zinafika 9,360. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukitoa kalori ambazo mwili wake ungezitumia hata angebaki kitandani, jibu linaangukia palepale: kilo moja na kidogo. Mizani ilimlipa ujira wake wote. Aliyemdhulumu ni yule aliyemwahidi kilo kumi.

Na kalori 390 hurudi mezani kabla jua halijapanda. Maandazi mawili, bakuli la mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, hapo umeshazipita. Gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya protini vilevile 4, gramu ya mafuta 9. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na mpishi gani wa Ngamiani anayepima mafuta kwa kijiko? Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani kalori 150 hivi, na inanyweka huku mtu anasubiri bajaji. Kuiacha soda hiyo ni kazi ndogo kuliko kukimbia kilomita mbili kila siku inayokuja.

Tena watu wa sahani wana ushahidi uliotoka nchini mwetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadzabe hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, wakiwinda, wakichimba mizizi, wakifuata asali. Walinyweshwa maji maalumu ambayo chembe zake hufuatiliwa kwenye mkojo, ili ijulikane mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku kadhaa mfululizo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, Mhadzabe hakuonekana kutumia nishati nyingi kuliko mtu wa Marekani au Ulaya anayeshinda kitini. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza ulinivunja nguvu, nikaukalia kimya wiki nzima. Pontzer anaueleza kwa mfano wa bajeti: mwili ukitumia zaidi kwenye misuli, hubana matumizi kwingine.

Ipo pia habari ya Uingereza, iliyotoka 2017, ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliolishwa chakula maalumu cha kalori zisizofika 900 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofika kiwango cha kisukari, bila dawa, wakati katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 4. Hicho ni kitu kikubwa, na ni sahani iliyokifanya. (Asijaribu mtu nyumbani, hasa anayetumia dawa za kushusha sukari. Njaa ya namna hiyo juu ya dawa inaweza kumwangusha.)

Basi kama ugomvi ungekuwa juu ya kilo peke yake, ningeishia hapa. Lakini rudi kwa Wahadzabe haohao. Mwaka 2017 watafiti waliopima mioyo yao walikuta presha ya juu ni adimu kwao, hata kwa wenye umri mkubwa. Nishati yao ya siku inalingana na ya karani wa mjini, lakini mishipa yao hailingani na yake. Pontzer mwenyewe anadhani huko kubana kwingine ndiko kunakoleta faida: mwili unaofanya kazi haubakiwi na nishati ya kuwasha moto wa uvimbe wa ndani na kumwaga homoni za msongo. Watu wa sahani wanapenda kutaja nusu ya kwanza ya habari hii.

Kuna ushahidi mkongwe zaidi ambao sikuweza kuacha kuufikiria tangu niujue. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya London, wanaume wa miaka 35 hadi 64. Mwajiri wao mmoja, mitaa wanayoishi ni ileile, mishahara haipishani sana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa karibu zamu yake yote, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, waliokufa ghafla walikuwa wachache zaidi.

Wakatokea wenye shaka, na shaka yao ilikuwa ya maana. Labda wanene huchagua udereva tangu mwanzo, kwa hiyo kinachowaua ni kitambi walichokuja nacho, wala si kiti. Morris akaenda kutafuta vipimo vya sare. Kampuni ilikuwa ikiwashonea wafanyakazi suruali, na mafundi walikuwa wameandika viuno. Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Ila alipowapanga watu kwa ukubwa wa kiuno, wembamba na wembamba, wa wastani na wa wastani, wenye vitambi na wenye vitambi, konda alibaki na nafuu katika kila fungu. Konda mwenye kitambi alikuwa salama kuliko dereva mwenye kitambi kama chake.

Mtu anaweza kusema dereva ana presha ya barabara kichwani, na hiyo pia huchosha moyo. Ni kweli, na suruali peke yake haiwezi kulijibu hilo. Lakini Morris aliona jambo linalofanana kwa watumishi wa posta: wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wenzao. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea hukohuko.

Konda yule mwenye kitambi ndiye ninayemtaka mwenzangu amfikirie. Angepanda kwenye mizani kila asubuhi kwa miaka kumi, mizani isingemwambia lolote la kumfurahisha. Angeweza kuamini kwamba ngazi zile zote zilikuwa bure, huku moyo wake ukilindwa. Hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu hakuna aliyempima kitu kingine.

Hatukuwahi kukiita mazoezi, lakini ngazi zetu hapa Tanga zilikuwa baiskeli. Mji umelala tambarare kutoka bandarini hadi Mikanjuni, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na kwa miaka mingi mtu akienda kazini, sokoni au msibani alikwenda kwa baiskeli, mwanamke na buibui lake bila kushangaliwa. Mama zetu walikuna nazi kwa mbuzi, walitwanga, walifua kwa mkono. Nazi ilikuwa chakulani wakati huo kama ilivyo leo, pengine zaidi. Kilichobadilika upesi ni kiti. Bodaboda anakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni, na nazi inakunwa kwa mashine pale sokoni. Simlaumu anayependa nafuu. Nami nazi yangu huikuna kwa mashine. Ila tunaposema watu wa zamani hawakuwa na presha kwa sababu walikula vizuri, tunawasahau waliokanyaga pedali hadi Pongwe na kurudi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama mtu mmoja kati ya kila wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Kwa wenye presha, mazoezi ya pumzi kama kutembea haraka, kuendesha baiskeli au kukimbia yakifanywa mfululizo huishusha namba ya juu kwa alama 5 hadi 8 hivi, hata mtu asipopungua kilo.

Na sukari je? Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni ya kushusha sukari, inapodhoofika. Ndiyo maana kutembea robo saa baada ya chakula cha usiku kuna maana kwa mtu aliyekula wali wa nazi, ingawa kwa mizani ni kama hakufanya kitu. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 ambao sukari yao ilianza kupanda waligawanywa: wengine chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, wengine waachwe na huduma ya kawaida. Baada ya miaka sita, katika kila mia ya walioachwa, 68 walikuwa na kisukari. Wa chakula walikuwa 44, wa mazoezi 41, wa vyote viwili 46. Tofauti kati ya makundi hayo matatu ni ndogo, sitaifanya ushindi. Ninachoona ni kwamba waliofanya mazoezi bila kupangiwa sahani hawakuachwa nyuma.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wa sahani hulipita haraka. Anayepungua kwa kujinyima peke yake hapotezi mafuta tu, anapoteza na msuli, na kwa mtu wa makamo msuli ukienda kuurudisha ni shida. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halikuishia kwenye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Limetaka na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kubeba ndoo za maji kunaingia humo.

Hayo hayamsamehe mtu soda tatu kwa siku. Mwenye kilo nyingi, magoti yanayouma na sukari iliyokwisha panda anahitaji kupunguza chakula, na raba haziwezi kumfanyia kazi hiyo. Ningeanza na sukari ya chai na mafuta ya kukaangia, nazi nikaiacha mwisho, na hata hapo tui likipunguzwa uzito mchuzi bado ni mchuzi. Tukumbuke pia kwamba sahani ya nyumba yetu haipangwi na mtu mmoja. Mama anayepikia watu wanane hawezi kuwa na chungu chake mwenyewe, na samaki na mboga vinashindana na bei ya unga. Miguu yake angalau ni yake.

Ninachowaomba viongozi wa vikundi vya jogingi ni kubadilisha kinachopimwa siku ya kujiandikisha. Mashine moja ya presha inaweza kuchangiwa na kikundi kizima. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima kiuno. Saa ya simu inaweza kuonyesha mtu anachukua dakika ngapi kutoka Raskazone hadi mjini mwezi wa kwanza, na ngapi mwezi wa tatu. Mizani ikae, lakini iwe ya nne. Na aliyekuja kwa ajili ya kupungua aambiwe siku ileile hesabu ya kalori 390, mbele ya maandazi.

Mwenzangu nilimpelekea hesabu yake kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza presha yake ilikuwa ngapi alipoanza. Hakuna aliyempima. Akaniuliza yangu. Hakuna aliyenipima pia, na nimekimbia miaka minne.