Kabla ya kuchagua kiolezo, uliza utatokaje

Watengenezaji wengi wa tovuti huvidharau violezo, yaani miundo ya tovuti iliyo tayari ambayo unajazia tu maneno na picha zako. Mimi navitetea. Mtu anayetaka kurasa chache tu za kujitambulisha, kuonyesha kazi zake na kueleza anavyopatikana, hana sababu ya kumlipa fundi aandike msimbo (maagizo ya kompyuta yanayoiunda tovuti) upya. Huduma ya kujijengea tovuti kama Wix au Squarespace, au programu ya WordPress yenye kiolezo safi, itamtosha kabisa. Fedha atakayookoa ampe mpiga picha na mtu anayejua kuandika, kwa kuwa picha na maneno ndivyo mgeni anavyovifuata.

Ila ayaandike maneno hayo kwanza, kisha ndipo achague kiolezo. Violezo huuzwa vikiwa vimepambwa kwa picha pana za kitaalamu na vichwa vya maneno mawili. Ukiweka picha zako za simu na jina refu la shirika lako, uzuri wote unayeyuka. Kijaribu kwa vitu vyako halisi, tena kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao dhaifu. Google inapendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na violezo vilivyojaa picha zinazojizungusha mara nyingi hushindwa mtihani huo.

Kazi ikianza kuwa ya kwako peke yako, msimamo wangu hubadilika. Duka la kawaida la mtandaoni bado lina njia iliyokwisha kunyooshwa. Shopify, kwa mfano, inashughulikia malipo na hesabu ya bidhaa. Lakini ukitaka kupanga zamu za wafanyakazi, kukokotoa bei kwa masharti yasiyofanana na ya mtu mwingine, au kuunganisha tovuti na kumbukumbu za wanachama, utajikuta unabandika programu-jalizi (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) moja juu ya nyingine. Kila moja ina mwenyewe, ina masasisho yake, na inaweza kuwa mlango wa wadukuzi. Ukiona wafanyakazi wameanza kubadili utaratibu wao mzuri ili kukiridhisha kiolezo, wakati wa kumwita fundi umefika.

Linalonisumbua zaidi ni suala la kuhama, maana karibu hakuna anayeliuliza siku ya kujiandikisha. Wix wanaeleza wazi kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishwa ikaendeshwa kwenye seva (kompyuta inayoiweka tovuti mtandaoni) ya mwingine. Squarespace hukuruhusu kutoa sehemu ya maandishi, lakini mwonekano unabaki kwao. WordPress, programu huria iliyotoka mwaka 2003, ukiisimika kwenye seva unayoikodi mwenyewe unaweza kubeba mafaili na hifadhidata ukaondoka. Hata huko kuna mtego: baadhi ya programu-jalizi za kupangia kurasa, ukizizima, huacha maandishi yako yamejaa alama za mabano zisizosomeka.

Wala huduma kubwa si dhamana. GeoCities, huduma ya watu kujitengenezea kurasa za mtandaoni, ilianza mwaka 1994, Yahoo wakainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 wakaifunga nchini Marekani pamoja na mamilioni ya kurasa za watu. Wahifadhi wa kujitolea waliokoa sehemu yake tu.

Kwa hiyo, hata kwa tovuti ndogo kabisa, nasisitiza domeni, yaani jina la anwani ya tovuti yako, iandikishwe kwa jina lako mwenyewe, kwenye akaunti unayoishika wewe, ikiwezekana kwa kampuni tofauti na ile inayokupa kiolezo. Usitosheke na anwani ya bure yenye jina la huduma ndani yake. Ukiwa na domeni yako, ukihama utaielekeza kwingine, na wasomaji hawatapotea iwapo kila anwani ya zamani itapelekwa kwenye mpya. Nakala za maandishi na picha asilia zikae pia kwenye kompyuta yako.

Na wewe uliyeamua kujengewa upya, usidhani umeepuka kifungo. Nimeona tovuti ambazo hakuna awezaye kuzigusa kwa sababu aliyeziunda hapokei simu na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Mkataba useme msimbo ni mali ya nani, unahifadhiwa wapi na nywila ziko kwa nani, na haya yote yaandikwe kabla hujatoa malipo ya kwanza.