Washushe giaboksi kwanza, ndipo wakatae

Habari inasema muuzaji wa gari amekataa kulipia, chini ya waranti, klachi iliyokufa mapema kwa kuwa mwenye gari alibadili programu ya kompyuta inayoongoza injini. Sawa, programu ikiongeza torki (nguvu ya injini ya kuzungusha), klachi ya kiwandani inaweza kuzidiwa: inateleza, inapata joto, bitana zake (nyuso zinazoshika) zinang'aa kama kioo na kushindwa kushika. Hapo muuzaji ana hoja. Ila angekataa kwa sababu ya spika au taa mpya, ningemcheka.

Ambacho sikukiona kwenye habari ni kama giaboksi ilishushwa kabisa ili klachi ionekane. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika) yenye madoa ya buluu inaonyesha kuteleza na joto kali. Lakini sahani ya klachi ikiwa imelowa oili, kagueni sili ya nyuma ya krenki (kizibo kinachozuia oili ya injini kuvuja kuelekea klachi), maana programu haitoboi sili! Kusema tu "gari limebadilishwa" si uchunguzi. Muuzaji amwandikie mwenye gari kilichoharibika na namna mabadiliko yalivyokiharibu. Mwenye gari naye achukue picha na adai vipande vya zamani viwekwe (sijui kwa nini gereji zina haraka ya kuvitupa) hadi fundi asiye wa upande wowote avikague.