Kionjo Hufika Mtwara Siku Ileile

"Yule mtoto ndiye mwenye kesi," alisema fundi simu wa kijiweni kwetu Chikongola, Mtwara, bila kuinua kichwa, bisibisi mkononi, simu ya mteja imefunuliwa tumbo mbele yake.

Mzee wetu wa kahawa akaacha kugonganisha vikombe. "Mwanangu, mtoto hata meno hana. Kesi ya nini?"

Mtoto mwenyewe anaonekana kwa sekunde chache tu, kwenye kionjo, yaani trela, cha kwanza cha Avengers: Doomsday, filamu ya mashujaa iliyopangiwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026. Steve Rogers, Captain America wa zamani, anafika nyumbani kwa pikipiki, kisha tunamwona amempakata mtoto mchanga. Maandishi yanatuambia kwamba atarejea. Basi, kimeisha. Fundi amekitazama mara ngapi sijui, lakini simu yake ina skrinishoti za kutosha kufungulia shauri mahakamani.

Kwa aliyepitwa: mwishoni mwa Avengers: Endgame ya 2019, Steve alitumwa nyuma ya wakati akarejeshe mawe ya nguvu mahali yalikochukuliwa. Ilikuwa kazi ya kwenda na kurudi. Hakurudi kama alivyotarajiwa. Alibaki huko na Peggy Carter, mpenzi wake wa zamani, wakaishi, akazeeka, akaja kuonekana ameketi kwenye benchi kando ya ziwa, mvi tupu, akamkabidhi rafiki yake Sam Wilson ngao. Watu walilia. Fundi anasema machozi yale ndiyo yaliyotuziba macho: jamaa kaishi maisha ambayo hayakuwa fungu lake, na mtoto ni ushahidi. Kwa kosa hilo malimwengu, yaani dunia sambamba, yanaanza kugongana, na Doctor Doom, adui wa filamu hii, anakuja kudai.

"Kwa hiyo mtu kaoa," mzee akasema, "ndiyo dunia iishe?"

Kijiwe kizima kilicheka. Kicheko hicho nimekisikia pia kwa watu wenye ofisi zao: kwamba vijana wanachoma bando kubishania kitu ambacho hakijaoneshwa. Na upande huo una hoja, tena si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba kionjo hudanganya, na hudanganya kwa makusudi. Kionjo cha Avengers: Infinity War kilituonesha Hulk akikimbia na wenzake kwenye nyika za Wakanda. Filamu ilipotoka mwaka 2018, Hulk aligoma kutokea. Aliyepigana pale alikuwa Bruce Banner, yule mtu anayegeuka Hulk, ndani ya vazi la chuma. Mwaka mmoja kabla, kionjo cha Thor: Ragnarok kilimwonesha Thor akiwa na macho yake mawili katika pambano ambalo kwenye filamu analipigana akiwa na jicho moja. Spider-Man na Iron Man walionekana wakiruka pamoja kwenye kionjo cha Spider-Man: Homecoming, ndani ya filamu picha hiyo haimo kabisa.

Watu wa korosho wataelewa haraka. Ghalani, kabla ya mnada, mpimaji huchomoa korosho kutoka magunia mbalimbali, huzichanganya, huzipasua, hutenga nzuri na zilizooza, ndipo ubora unapoandikwa kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80. Sampuli ile ina maana kwa sababu mwenye mzigo hakuichagua yeye. Kionjo ni kinyume chake: muuzaji ndiye aliyekuokotea korosho, tena moja mbili ameziazima kwenye gunia jingine. Ukijenga nadharia juu ya sampuli ya namna hiyo, wapingaji wanasema, ukilia baadaye usimtafute mchawi.

Na watu wamelia. Mwaka 2021, tamthilia ya WandaVision ilipokuwa ikioneshwa wiki baada ya wiki, mashabiki waliapa kwamba nyuma ya mambo yote yupo Mephisto, shetani wa kwenye vitabu vya katuni. Kila nzi alikuwa Mephisto, kila kivuli Mephisto. Tuliambiwa kitendawili, tukatega masikio, tukatoa miji yote hadi Nachingwea. Mephisto hakuja. Waliochukia mwisho wa tamthilia ile wengi walichukia kwa sababu haukufanana na ule waliojitungia.

Lipo pia suala la nani anafaidika. Kionjo cha kwanza cha Spider-Man: No Way Home, Agosti 2021, kilitazamwa mara milioni 355.5 ndani ya saa 24. Mkoa wetu wa Mtwara, kwa sensa ya 2022, una watu wapatao milioni 1.6. Kila anayesimamisha video na kuzungushia duara jekundu kona ya picha anafanya kazi ya matangazo bila posho, na kampuni inajua. Hapo sina la kubisha.

Lakini hebu tukitazame hicho hicho kionjo cha Spider-Man. Novemba ya mwaka ule kilitoka kionjo cha pili, na toleo lililotolewa Brazil lilikuwa na sekunde kadhaa za ziada. Spider-Man anawarukia maadui watatu, na yule mjusi mkubwa, kabla hajaguswa na yeyote, kichwa chake kinapinda kama mtu aliyepigwa kofi. Kofi la nani? Hewani hakuna mtu. Mashabiki wakasema: palikuwa na mtu, amefutwa. Wapo Spider-Man wengine wawili, wale wa zamani. Andrew Garfield, mmoja wa waigizaji hao wa zamani, alikuwa akikanusha kila alipoulizwa, kwa miezi, uso mkavu. Desemba ikafika, na kwenye filamu walikuwepo wote watatu, yeye na Tobey Maguire wakiruka bega kwa bega na Tom Holland.

Hili halikuwa ramli. Waliona pengo wakauliza limetoka wapi. Mvuvi wa Mikindani akiona maji yanachemka mahali pasipo na upepo hamwiti mganga. Anajua chini kuna samaki.

Ndiyo maana nasema hata uongo wa kionjo una manufaa kwa mtabiri mwenye kumbukumbu. Chukua Mysterio, 2019. Vionjo vya Spider-Man: Far From Home vilimtambulisha kama shujaa kutoka dunia nyingine, na wengi wakajenga ghorofa juu ya hilo: milango ya malimwengu imefunguliwa! Waliosoma vitabu vya katuni walinyamaza wakitabasamu. Mysterio yupo vitabuni tangu 1964 na kazi yake tangu siku ile ni kiini macho. Waliosema "huyu anatudanganya" ndio waliopatia. Kionjo kilidanganya kila mtu, ila si kila mtu alidanganyika.

Sasa turudi kwa mtoto, maana hapa ndipo mzee wa kahawa anapomwonea fundi.

Kicheko chake kinachukulia kwamba suala la Steve kubaki na Peggy lilikwisha mwaka 2019 na vijana wanalifukua kwa kukosa kazi. Halikwisha. Waliotengeneza filamu wenyewe hawakukubaliana. Waongozaji, ndugu Anthony na Joe Russo, walisema Steve aliporudi nyuma alizalisha mkondo mwingine wa wakati, akaishi huko, kisha akavuka kuja kukabidhi ngao. Waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, wakasema hapana: aliishi katika mkondo huu huu, siku zote alikuwapo, mume wa Peggy aliyefichika. Filamu moja, timu moja, majibu mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Ukishika jibu la waandishi, mtoto hana kosa. Alikuwapo tangu zamani na dunia imeishi naye salama. Ukishika jibu la waongozaji, kuna mkondo mzima uliozaliwa kwa sababu mwanamume mmoja alitaka kucheza muziki na mpenzi wake. Na hata hapo kuna kigingi: kama alitoka mkondo mwingine, mbona alitokea benchini na si kwenye jukwaa la mashine alipoondokea? Fundi ana majibu mawili ya swali hili, na kwa heshima yake nitasema moja tu ni zuri.

Halafu ikaja tamthilia ya Loki, 2021. Loki anasimamishwa mbele ya hakimu wa idara inayolinda mkondo wa wakati, anajitetea kwamba wakosaji ni Avengers, wao ndio waliorudi nyuma. Hakimu anamjibu kwamba walichofanya kilipangwa kitokee. Hii ndiyo karata kubwa ya wanaopinga nadharia ya mtoto, nami naikubali ni kubwa. Ila aliyeongoza uandishi wa tamthilia hiyo ni Michael Waldron, ambaye ndiye pia aliyeandika Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022, filamu iliyotufundisha kwamba malimwengu yakiingiliana yanaweza kugongana na kuangamizana.

Na Doomsday inaongozwa na nani? Na ndugu Russo. Imeandikwa na nani? Na McFeely pamoja na Waldron.

Yaani mwenye jibu la kwanza, mwenye jibu la pili, na mwenye sheria ya kugongana wamekalishwa jamvi moja, na kitu cha kwanza walichochagua kutuonesha ni Steve Rogers akiwa na mtoto. Wangeweza kuanza na mlipuko. Wangeweza kuanza na Doom. Januari 2026, baada ya kutoa vionjo vinne, waongozaji waliandika mtandaoni kwamba vile si vionjo bali hadithi na vidokezo, na kwamba tuwe makini. Mtu akikutegea kitendawili kwa mdomo wake, utaitwaje mpuuzi kwa kujaribu kukitegua?

Nikubali jambo moja dhidi ya upande wangu. Wapo watabiri ambao si watabiri, ni wauza uhakika. Hao huandika "imethibitishwa" juu ya ndoto yao, na ukiwauliza wanakutukana. Fundi wetu hayumo, ingawa kuna siku alikaribia.

Kinachonikera katika dharau dhidi ya vijana hawa ni kwamba inasahau tupo wapi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kwenye kumbi kubwa za sinema, ni zaidi ya kilomita 500. Nauli ya kwenda na kurudi, kulala, kula, tiketi: huyo ni mtu anayeuza magunia yake ya korosho akaangalie filamu moja. Wengi wetu filamu hutufikia baadaye, kwenye flashi ya duka la kuingizia movi, au kibanda umiza, mtafsiri akipiga kelele juu ya sauti ya wahusika na kutuhakikishia kwamba steringi hafi. Wakati huo mwenzetu wa Los Angeles ameshaisahau.

Kionjo hakiko hivyo. Kionjo kikitoka mtandaoni, kinatoka kwa wote. Fundi wa Chikongola anakiona saa ileile anayokiona kijana wa London, na hapo, kwa siku chache au miezi michache, wanajua sawasawa. Hakuna aliyekwenda mbele ya mwenzake. Tarehe 18 Desemba usawa huo utakwisha. Mmoja ataingia ukumbini, mwingine ataanza kukimbia wanaomwaga siri. Kwa kijana wa huku, nadharia ndiyo sehemu ya sinema anayoipata kwa wakati. Ukimwambia asubiri filamu kwanza, unamwambia aje mwisho kwenye mazungumzo pia, kama anavyofika mwisho kwa mengine.

Tena kubuni aliye nyuma ya sura si ugeni huku kwetu. Lipiko la Wamakonde, mchezaji ngoma aliyevaa sura ya kuchongwa, likiingia uwanjani, wanawake na watoto huambiwa ni mzimu. Wakubwa wanajua kuna mtu. Lakini nani? Julai 2024, huko San Diego, mtu mwenye kofia na joho la kijani alisimama jukwaani, akavua sura ya chuma, na akawa Robert Downey Jr., yule yule tuliyemzika kama Tony Stark, yaani Iron Man, mwaka 2019. Safari hii yeye ndiye Doom. Umati ulipiga kelele kama watoto uwanjani.

Mpaka leo kijiwe kimegawanyika: je, Doom ni Tony wa dunia nyingine, au ni sura tu iliyoazimwa? Baada ya filamu ya Fantastic Four: First Steps ya 2025, kipande cha ziada kilimwonesha akiwa ameshika sura yake mkononi mbele ya Franklin, mtoto wa mashujaa wa filamu hiyo, lakini kwa mgongo, uso hatukuuona. Mimi nasema ni Victor von Doom mwenyewe, na kufanana na Tony kutatumika kama silaha dhidi ya waliompenda. Fundi hakubali. Yeye anaona watoto wawili, Franklin na wa Steve, na anadai hesabu inajumlishwa hapo.

Jana jioni nilipita tena. Mzee wa kahawa alinimiminia kikombe, akanipa na kashata, akakaa kimya kidogo kama mtu anayeona haya.

"Fundi," akasema hatimaye, "kuna kitu nauliza tu. Siku zote hizi unasema mtoto, mtoto. Ni wa kike au wa kiume?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Akaweka bisibisi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akairudisha video mwanzo. Mzee akavuta stuli, akasogea karibu na kioo cha simu.